Dozi ya Baba Mkwe

Nimekuwa tabibu miaka kumi na saba, na kwa miaka hiyo yote nimewaambia watu "fanya mazoezi" kama mtu anavyosema "msalimie mama." Unamaliza kuandika dawa, unasema fanya mazoezi, unaita mwingine. Sikuwahi kumwuliza mtu atafanya mazoezi gani, wala kwa muda gani, wala kama moyo wake utayaweza. Kuna mama mmoja wa Dongobesh, huko nilikozaliwa, nilimwambia maneno hayo akiwa na mzigo wa kuni mgongoni. Aliniangalia mpaka nikaona haya, na mimi sioni haya kirahisi.

Kwa hiyo barua ilipofika kwamba nimechaguliwa kwenda Babati, siku tano, kujifunza namna ya kuwaandikia wagonjwa mazoezi kwa usalama, nilifurahi. Nilijiambia, Zita, hatimaye wamekuona. Doris, muuguzi ninayefanya naye kazi hapa Basotu, alisema nimechaguliwa kwa sababu yule aliyechaguliwa kwanza yuko likizo ya uzazi. Doris ana mdomo.

Tulikuwa watu ishirini na wawili kutoka Mbulu, Hanang na kwingineko mkoani, na kama yangekuwa mashindano ya vitambi tungerudi na kombe. Asubuhi tulipanda bajaji kutoka gesti hadi ukumbini, umbali ambao ungeweza kumwita mtu kwa sauti akakusikia. Tukakaa. Saa nne chai na maandazi, saa saba wali na nyama, saa kumi soda, na katikati ya hivyo tukaelezwa madhara ya kukaa. Mwezeshaji wetu, Dokta Maximilian, alikuwa kijana mwembamba mwenye raba nyeupe. Siku zote tano hakugusa andazi, na kwa sababu hiyo hatukumwamini sana.

Lakini kazi yake aliijua. "Mazoezi ni dawa," alituambia, "na dawa ina dozi. Humwambii mgonjwa ameze dawa tu, basi. Unamwambia ipi, mara ngapi, kiasi gani." Akatufundisha kuandika: mazoezi ya aina gani, siku ngapi kwa wiki, dakika ngapi, kwa nguvu kiasi gani. Nguvu ya kawaida ni ile ya mtu anayetembea akaweza kuongea lakini asiweze kuimba. Tukatolewa nje kujaribu. Tabibu Sebastiani wa Dongobesh alizunguka jengo mara moja, akashindwa kuimba, akashindwa kuongea, akaomba kiti.

Mwisho tulipewa kadi ya njano yenye maswali saba. Kabla hujamwandikia mtu hata hatua kumi, unamwuliza hayo. Kifua kinabana unapotembea? Unapata kizunguzungu? Umewahi kuanguka ghafla? Na mengine ya namna hiyo. Jibu moja tu likiwa ndiyo, huandiki mazoezi, unampeleka mgonjwa akapimwe moyo kwanza. Na cheti tungekipata baada ya wiki sita, kila mmoja akishasimamia mgonjwa wake mmoja, na Dokta Maximilian akija mwenyewe kumwona anatembea.

Nilikitaka kile cheti. Nilishamwonyesha mume wangu ukutani pale kitakapotundikwa.

Mgonjwa niliyemchagua alikuwa baba mkwe. Mume wangu, Yohanes, ni Mbarbaig wa hapa Basotu, mimi ni Mwiraqw, na nilipoolewa nilikuta kwao adabu ya mkwe na baba wa mumewe ni jambo zito. Simtazami usoni. Sipiti mbele yake. Jina lake silitamki, na hata hapa sitaliandika. Anayelitaka amwulize Doris, ndiye aliyelijaza kwenye faili. Habari za mwili wake ndizo hazisemwi kabisa kati yake na mimi. Nimekaa naye boma moja miaka kumi na tisa na sijawahi kumsikia akisema kwamba hata kidole kinamuuma.

Maisha yake yote alitembea nyuma ya ng'ombe. Halafu malisho yakamezwa na mashamba ya ngano, kundi likapungua, ng'ombe waliobaki wakahamia kwa ndugu huko mbali. Yohanes akafungua duka na mashine ya kusaga, na kwa kumheshimu baba yake akamwekea kiti cha plastiki mlangoni. Mzee akakaa. Kila aliyepita alimsalimia, na kila aliyemsalimia alimnunulia soda, maana soda ilikuwa hapo hapo. Miaka mitatu ya kiti na soda, na siku mama mkwe alipomleta kituoni apimwe, kipimo cha sukari kilitoa namba ambayo Doris aliisoma mara mbili.

"Dada Zita," Doris akaninong'oneza, "huyu niachie mimi nimuulize yale maswali. Wewe ni mkwe wake."

"Cheti kitakuwa na jina langu, Doris, siyo lako," nikamjibu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikijiona nina akili nyingi.

Tulipanga hivi. Baba mkwe alikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha la chumba changu, ameelekea Mlima Hanang. Mimi nilikaa ndani, nimeelekea kabati la dawa. Mama mkwe, Philomena, alisimama mlangoni katikati yetu ili apeleke maneno, ingawa sote wawili tulikuwa tunasikiana vizuri sana.

"Shikamoo baba," nililiambia kabati.

"Marahaba," aliuambia mlima.

"Mama, naomba umuulize mzee kama kifua kinambana akitembea."

Mama mkwe akatoa kichwa nje. "Anauliza kifua."

"Kifua cha nani?"

"Chako."

Nilisikia mashine ya kusaga ikiunguruma kule senta.

"Mwambie hapana," alisema baba mkwe.

Kizunguzungu? Hapana. Kuanguka ghafla? Mwambie mimi si mlevi. Magoti? Hapana. Nilikwenda hivyo mpaka swali la saba, na kila swali mama mkwe alilifupisha kidogo zaidi, mpaka la mwisho akawa ananyoosha kidole tu. Hapana saba. Nikaweka alama zangu saba kwenye kadi ya njano, safi kabisa, nikaandika dozi: kutembea haraka, njia tambarare ya kando ya ziwa, dakika thelathini, siku tano kwa wiki. Mama mkwe akamsomea kwa kichwa, kama nilivyomweleza.

"Kwenda wapi?" aliuliza baba mkwe.

"Haendi popote, mama. Anatembea tu, halafu anarudi."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya... hakuna kitu."

Benchi likalia.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, polepole, "mtu wa umri wangu akionekana anatembea haraka, hana ng'ombe, hana anakokwenda, watu watakuja nyumbani kuuliza ameanza lini kuchanganyikiwa."

Dokta Maximilian alitufundisha kwamba dawa ni lazima ikubaliane na mgonjwa. Nikaandika chini ya dozi: Kifaa, ng'ombe mmoja.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa jike wa kijivu aliyeacha kuzaa, ambaye Yohanes alimweka nyumbani kwa sababu alikuwa mpole na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja. Asubuhi yake wakatoka wawili, ng'ombe mbele na mzee nyuma na fimbo yake, simu ya mama mkwe ikiwa mfukoni imetegwa ilie baada ya dakika thelathini. Niliwaangalia kutoka dirishani nikaona raha. Nilisema, hii ndiyo tiba ya kisasa.

Tukakubaliana kila Alhamisi waje kutoa taarifa, yeye benchini, mimi kabatini, mama mkwe mlangoni. Kwenye mafunzo tulisisitiziwa kuandika kila kitu anachosema mgonjwa, hata kama unakiona hakina maana. Nikanunua daftari jipya.

Alhamisi ya kwanza: "Mwambie tumetembea siku zote tano. Ng'ombe alipumzika mara mbili."

"Mama, mwambie mzee ng'ombe asipumzike. Dakika thelathini ni dakika thelathini."

"Nitamwambia ng'ombe," alisema baba mkwe.

Alhamisi ya pili: "Ng'ombe alipumzika mara nne."

Hiyo wiki nilikuwa nimeshapata habari zangu. Dukani kwa Yohanes watu wanasema kila kitu. Niliambiwa mzee kila akipita nyumba mbili anasimama, anaingia, anakaa, anapewa chai ya maziwa yenye sukari ya kumwua nyuki, na ng'ombe amesimama nje akimsubiri. Doris alipompima, sukari ilikuwa imepanda kuliko siku ya kwanza.

Nilichemka. Nyumbani nilimwambia Yohanes, "Baba yako anafanya mazoezi ya kunywa chai. Mimi nimeandika dozi, anayeitumia ni ng'ombe."

"Mwambie mwenyewe," alisema Yohanes, akijua vizuri kwamba sithubutu.

Basi nikamwambia kwa kalamu. Nilifungua daftari kwenye ukurasa nilikonakili dozi, nikachukua kalamu nyekundu, nikaipandisha. Tambarare nikaifuta. Nikaandika: apande mwinuko wa kwa Gidamis, mpaka juu, bila kuingia nyumba ya mtu. Mama mkwe akampelekea hayo kwa kichwa, kama kawaida. Mwinuko huo unatoka ziwani na njia nzima haina nyumba hata moja mpaka ufike juu kabisa kwa Gidamis mwenyewe, rika la baba mkwe. Nilijiona mjanja. Nilisema, nitaona atapumzikia wapi.

Alhamisi ya tatu baba mkwe alichelewa kidogo kufika benchini.

"Mwambie ng'ombe kifua kinambana. Pale katikati ya mwinuko."

Hili nililichukulia kwa uzito. Ng'ombe akiwa na ugonjwa wa mapafu ni hatari kwa kijiji kizima. Nikampigia simu bwana mifugo, Vicent, akaja na pikipiki yake siku hiyo hiyo. Alimsikiliza ng'ombe kifuani, akamwekea kipimajoto kule nyuma, ng'ombe akashangaa, akamkimbiza bwana mifugo kuzunguka boma mara mbili mbele ya nusu ya Basotu. Halafu akaja kituoni akikung'uta mikono.

"Daktari, yule ng'ombe ni mzima kuliko mimi na wewe. Amekonda kidogo tu. Nani anamtembeza hivyo?"

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Doris hakucheka.

"Dada Zita, mbona mzee anaongea sana habari za huyo ng'ombe?"

"Ni Mbarbaig, Doris. Ulitaka aongee habari za nini?"

Alhamisi ya nne ng'ombe alikuwa anatokwa jasho. Alhamisi ya tano ng'ombe alikuwa hataki tena kulalia ubavu wa kushoto, na usiku alikuwa anaamka kukaa. Niliandika yote, kwa mwandiko mzuri, kwenye ukurasa nilioupa kichwa cha habari "Matatizo ya Kifaa." Nilifikiri Dokta Maximilian atapenda nilivyo makini.

Alikuja Jumatano ya wiki ya sita, mwezi wa saba, asubuhi yenye upepo wa mlimani ambao hapa kwetu hata mbuzi wanaukimbia. Alikuja na gari na raba zake nyeupe. Nilimpa chai isiyo na sukari ili ajue yuko kwa watu waliosoma, nikamwonyesha kadi ya njano, alama saba. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilishakiona cheti ukutani.

Baba mkwe alitoka akiwa amejifunga shuka mpya. Mama mkwe alikuwa ameninong'oneza kwamba mzee ameamka mapema akamsafisha ng'ombe, kwa sababu amesikia mgeni amekuja kunipima mimi, siyo yeye. Tukaondoka: ng'ombe, baba mkwe, Dokta Maximilian hatua chache pembeni na saa mkononi, halafu mama mkwe, halafu mimi nyuma kabisa, kama inavyotakiwa, nikitazama visigino vya watu.

Kando ya ziwa tulikwenda vizuri. Tulipofika chini ya mwinuko, baba mkwe akasimama. Akainama akaanza kukagua kwato ya ng'ombe. Akaikagua muda mrefu. Kisha akakagua ya pili.

Nilimsogelea mama mkwe, nimekasirika. "Mama, mwambie mzee asisimame. Mgeni anaangalia."

Mama mkwe akamwambia. Baba mkwe akaiacha kwato, akanyooka, akapanda.

Alipanda vizuri, nitasema hivyo. Alipanda haraka kuliko dozi. Dokta Maximilian alikuwa anatabasamu akiandika, na mimi niliyekuwa nyuma sikuwa na uwezo wa kuimba wala kuongea. Halafu, katikati, fimbo ikaanguka. Niliiona ikibingirika mpaka miguuni kwangu. Nikainua macho, jambo nisilolifanya, nikamwona mzee amesimama amemkumbatia ng'ombe shingoni, paji la uso limelala kwenye nundu. Upepo ulikuwa unatukata masikio sote, na shingo ya baba mkwe ilikuwa inachuruzika jasho.

Dokta Maximilian aliacha kutabasamu. "Daktari Zita, maswali saba uliuliza?"

"Niliuliza."

"Alijibu nini?"

Nilifungua mdomo niseme hapana saba. Badala yake nikakumbuka maneno ya Vicent, kwamba yule ng'ombe ni mzima kuliko mimi na yeye. Nikamwangalia ng'ombe. Alikuwa anatafuna majani ya njiani bila wasiwasi wowote, hata hahemi. Na kifua kinachobana, na jasho, na kutolala ubavu wa kushoto, vyote nilikuwa navyo kwenye daftari kwapani.

Nikapanda mpaka nikafika upande wa pili wa ng'ombe. Sikumngoja mama mkwe. Niliweka mkono wangu mgongoni kwa yule ng'ombe na kumtazama yeye, ng'ombe.

"Baba," nikasema, "huyu ng'ombe kifua kinambana akipanda tu, au hata akisimama?"

Nilidhani hatajibu. Nilisikia pumzi yake, fupi fupi, upande wa pili.

"Akipanda," alisema. "Akisimama kinaachia. Leo hakijaachia."

"Maumivu yanakwenda mahali pengine?"

"Mguu wa mbele. Wa kushoto."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye taya."

"Mbona hamkumwambia daktari?"

"Tulimwambia," alisema baba mkwe. "Kila Alhamisi."

Sikumbuki vizuri yaliyofuata, nakumbuka tu kwamba nilipiga kelele. Nilimfokea Dokta Maximilian alete gari, wakati alishaanza kukimbia kulifuata. Nilimkalisha mzee chini, ameegemea jiwe, nikamfokea mama mkwe kwamba asilie, wakati aliyekuwa analia ni mimi. Doris alikuja na gari, akiwa na aspirini na mashine ya presha bila kuambiwa na mtu. Yeye ndiye aliyempa mzee kidonge akitafune, yeye ndiye aliyemfungua shuka kifuani, na yeye ndiye aliyemwuliza mambo yote kwa sauti ya chini, na mzee akamjibu bila mlima wala kabati.

Hospitali kubwa ni mwendo wa saa moja na nusu. Mimi nilikaa mbele, mikono magotini, na katika njia nzima hakuna aliyesikia neno langu. Doris baadaye alisema hiyo ndiyo ilimtia hofu kuliko presha ya mzee.

Tulipokelewa upesi. Walimpima moyo kwa mashine, wakampa dawa, akawekewa oksijeni. Baada ya muda daktari wa zamu, mtu mzima mwenye miwani, akasema tumewahi. Mishipa ya moyo imeziba kwa sehemu, atalazwa, ila tumewahi. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda, akafungua faili.

"Sasa mzee, niambie mwenyewe. Ilianzaje?"

Baba mkwe aliangalia dari. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda, na nilikuwa na daftari lenye kila kitu, wiki kwa wiki, ningeweza kumjibia kila swali. Ulimi uliniwasha. Nikatoka nje, nikaufunga mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilisikia kiti kikisogea. Halafu nikamsikia akianza.

"Kifua changu," alisema, "kilianza wakati wa mavuno ya mwaka jana."

Alisema muda mrefu. Alisema kuhusu usiku, kuhusu mkono, kuhusu kwamba zile nyumba za chai alikuwa anaingia kwa sababu huwezi kusimama katikati ya njia umeshika kifua watu wakuone, lakini ukiingia kwa mtu ukakaa, wewe ni mgeni tu. Chai alikuwa haitaki. Ukimkatalia mtu chai anauliza kama unaumwa.

"Mzee," alisema daktari, "ulikuwa unaumia namna hiyo, kwa nini hukuacha kutembea?"

"Aliyeniandikia ni mkwe wangu. Kuna karatasi yake alikuwa anaingoja. Ningeacha, angeikosa."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido. Dokta Maximilian alikuwa ameegemea ukuta wa pili, na alikuwa na adabu ya kutazama raba zake.

"Na huo mwinuko?" daktari aliendelea. "Nani alikuandikia upande mwinuko?"

"Hakuna. Yeye aliandika tambarare, kando ya ziwa. Kupanda nilitaka mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Daktari alisimama juu yangu, miwani mkononi. "Wewe ndiye mkwe? Mzee anasema ulimwandikia tambarare."

Nyuma yake, kitandani, baba mkwe alikuwa amegeuza uso ukutani, akingoja nikubali.

"Ni uongo, daktari," nikasema. Nikainuka, nikafungua daftari kwenye ule ukurasa wenye wino mwekundu, nikampa.